Uzi wa tunaotoka na watoto baridi inapoisha: njia moja, kila Jumamosi, matope na yote

Soksi_Tatu · Februari 8

Wakuu, heshima kwenu.

Naufungua uzi huu kwa ajili yetu tunaoishi kwenye majira manne, wenye watoto waliofungiwa ndani tangu Novemba. Mnakijua kipindi hiki. Theluji iliyokuwa inapigiwa picha Desemba sasa ni uchafu wa kijivu pembeni mwa barabara, na maua bado. Hapa kwangu katuni zote zimeshatazamwa mara mbili, na mto mmoja wa kochi umegombewa mpaka umetoa pamba.

Mwaka jana kosa letu lilikuwa kusubiri. Kila wiki wimbo mmoja: "Hali ya hewa ikikaa sawa tutawatoa." Ilipokaa sawa ilikuwa Mei, na watoto walishasahau kutembea, wanalia kabla ya kona ya kwanza. Mwaka huu mimi na mume wangu tumekubaliana: kila Jumamosi saa nne asubuhi tunatoka, njia ni ileile, inyeshe isinyeshe. Ni njia ya miguu tu. Inapanda kilima kidogo, inashuka hadi kwenye kidimbwi, inakatiza kimsitu na kurudi ilikoanzia. Mtu mzima akiwa peke yake ni dakika 40. Sisi tuna Mkubwa (9), wa Kati (6) na Kitinda (3), ambaye hataki kubebwa mpaka mikono yako ijae mizigo.

Mrejesho wa leo. Kuvaa tu dakika 35. Tukiwa mlangoni, zipu zote zimefungwa, Kitinda akatamka neno moja: "Choo." Tukaanza upya. Nje tulikaa dakika 25, kileleni hatukufika. Ila niliona kitu ambacho miaka yote nimekipita bila kukiona: kila mti umesimama katikati ya duara lisilo na theluji, kama alama ya kikombe mezani. Wa Kati akachuchumaa, akaingiza mkono ndani ya duara, akasema mti una homa. Baba yake akamweleza kwamba shina ni jeusi, linameza jua kuliko theluji, kisha linaliachia joto lile polepole. Mtoto akamsikiliza mpaka mwisho. Akarudia: homa.

Nitaleta mrejesho kila wiki. Na nyie wekeni yenu.

Kunguru_Mweupe · Februari 8

Uzi bila picha?

Soksi_Tatu · Februari 8

Mkuu, simu ilizima ikiwa na chaji asilimia 40. Baridi.

Kunguru_Mweupe · Februari 8

Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri haijafa, imeganda usingizi tu. Ikipata joto inaamka na chaji yake.

Baba_Mapacha · Februari 9

Naweka kambi hapa. Ila dada, kwa nini njia moja? Mapacha wangu (5) ukiwapeleka mahali mara ya pili wanakwambia "tushaenda". Mimi kila wiki nasaka sehemu mpya. Ijumaa usiku niko kwenye ramani, Jumamosi tunakaa garini saa nzima na nusu, tukifika mmoja kalala na mwingine anataka kurudi.

Soksi_Tatu · Februari 9

Kaka, jibu lako liko kwenye swali lako. Sehemu mpya inataka uamuzi, na Jumamosi asubuhi uamuzi ndio unaotushinda. Njia ikiwa moja hakuna mjadala, ni viatu tu. Halafu Julai ukienda mahali mara nne utaona majani yaleyale. Kipindi hiki mahali palepale hapafanani wiki mbili mfululizo. Nipe mpaka Aprili, nikikosea nitakuja hapa hapa kuomba radhi.

Mzee_Koti · Februari 9

Wanangu, nimelea wanne kwenye baridi na sasa nalea wajukuu siku za mapumziko. Niseme machache kuhusu nguo, maana hizo dakika 35 zimenichekesha.

Baridi kali iliyo kavu si adui yenu. Nyuzi 10 chini ya sifuri, jua linawaka, mtoto anacheza saa nzima na mashavu mekundu. Adui ni nyuzi 2 juu ya sifuri na manyunyu. Nguo ikilowa, safari imekwisha. Kwa hiyo jinzi ziacheni nyumbani. Pamba inanyonya maji, inayang'ang'ania, na joto la mtoto linakwenda nayo. Ndani vaa sufu, au kile kitambaa cha michezo kisichonyonya. Katikati kitu chenye manyoya. Juu kitu cha kuzuia upepo na maji. Sufu hata ikilowa bado inasaidia. Na msizidishe soksi. Pea mbili nene ndani ya kiatu kinachobana zinapoza vidole kuliko moja, kwa sababu hewa ndiyo inayotunza joto na nyie mmeifukuza yote.

Glovu zifungeni kwa kamba ndefu inayopita ndani ya koti, mkono hadi mkono. Watawacheka. Wacheni wacheke, wao kila mwezi wananunua glovu.

Choo kwanza, nguo baadaye. Na mdogo avae wa mwisho. Akitangulia anatokwa jasho akiwasubiri wakubwa, na jasho ni maji kama mvua tu, tofauti yake limetokea ndani.

La mwisho ni zito. Mtoto asifungwe kwenye kiti cha gari akiwa na koti nene. Mkanda unaonekana umembana, kumbe umebana koti. Gari likigonga, koti linasinyaa na mkanda unabaki legelege. Mvue, mfunge, kisha mfunike kwa koti hilohilo juu ya mkanda.

Baba_Mapacha · Februari 9

Shikamoo mzee. Nimetoka kujaribu sasa hivi. Nimemfunga mmoja akiwa na koti, nimebana vizuri kabisa, halafu nimemtoa, nikamvua koti na kumrudisha bila kugusa urefu wa mkanda. Ngumi yangu nzima inapita kati ya mkanda na kifua. Miaka mitano nimekuwa nawafunga hivyo.

Mzee_Koti · Februari 9

Marahaba. Wengi wetu tulikuwa hivyo.

Upepo_wa_Asubuhi · Februari 12

Mimi kikwazo changu si nguo, ni mama mkwe. Nina kichanga cha miezi minne. Nikimtoa nje tu, simu inaita: "Unampeleka wapi mtoto na baridi hiyo, unataka apate nimonia?" Sijui anajuaje. Nadhani mume wangu ndiye mpelelezi. Naomba hoja za kumjibu kwa adabu.

Dada_Nesi · Februari 12

Mpenzi, mafua yanaletwa na virusi, na virusi vinapenda chumba kilichofungwa madirisha chenye watu wengi. Hiyo ndiyo hoja yako. Lakini usimwambie mama amekosea kote, maana hajakosea kote. Kichanga anapoteza joto haraka, halafu ndani ya kigari hatembei: wewe unayesukuma unatokwa jasho, yeye anapoa taratibu na hana maneno ya kukuambia. Vidole vyake visikudanganye, vinaweza kuwa vya baridi akiwa salama. Ingiza mkono wako nyuma ya shingo. Pakiwa na joto na pakavu, endelea. Pakiwa na jasho, punguza nguo. Pakiwa pa baridi, geuza kigari. Na usikifunike kigari chote kwa blanketi, hewa haipiti.

Mama mkwe mpigie wewe kwanza kabla hujatoka. Mwombe ushauri wa kofia ipi. Utaniambia.

Upepo_wa_Asubuhi · Februari 14

Nimempigia. Tumezungumza kofia dakika 20. Amesema ya kijani. Nimetoka kwa amani.

Soksi_Tatu · Februari 15

Wiki ya pili. Kuvaa dakika 22, asante mzee. Tumefika kwenye kidimbwi na kidimbwi kimeganda. Mkubwa akaweka mguu mmoja pembeni, nikamshika kofia ya koti kabla ya mguu wa pili. Anasema mwezi uliopita aliona watu wakitembea juu ya barafu, sasa kwa nini yeye hapana? Nikasema kwa sababu mimi mama yako. Najua si jibu. Wajuzi, nisaidieni kabla ya Jumamosi ijayo.

Mvuvi_wa_Baridi · Februari 15

Mimi huvua samaki kwa kutoboa barafu, kwa hiyo siiogopi, naijua. Barafu ngumu ya wazi, ile unayoona maji chini yake, kanuni inayotumika sana ni unene usiopungua sentimita 10 kwa mtu anayetembea. Sasa mwambie kijana hivi: kipimo hicho ni cha katikati ya baridi. Mwisho wa baridi barafu inaoza. Jua linaingia ndani yake, linaitenganisha kuwa vijiti vya kusimama wima, kama kifurushi cha mishumaa. Unaweza kukuta nene kuliko hiyo na bado ikakuangusha. Pembeni ndiyo inaanza kufa kwanza, na pembeni ndipo mtoto anapoingilia. Mimi mwenyewe mwezi huu ukifika katikati nafunga vifaa vyangu.

Ila msiondoke mikono mitupu. Chukueni kijiwe bapa, mkirushe kiteleze juu ya barafu kikidunda. Kisha nyamazeni msikilize.

Soksi_Tatu · Februari 16

Imebidi turudi leo Jumapili kwa ajili ya hicho kijiwe. Wakuu. WAKUU. Kinalia! Piuu, piuu, piuu, kama bunduki za kwenye katuni za anga za juu. Ni jiwe la kawaida kabisa kutoka njiani. Kitinda amerusha mawe mpaka mfuko wa koti wa baba yake umeisha akiba. Huyo Mkubwa aliyekuwa ananuna ameuliza mwenyewe: kwa nini?

Mvuvi_wa_Baridi · Februari 16

Barafu inatetemeka kama ngozi ya ngoma. Mtetemo wa sauti nyembamba unasafiri haraka ndani yake kuliko wa sauti nzito. Kwa hiyo sikio linapokea wembamba kwanza, unene unakuja nyuma yake, na vyote vimetoka kwenye mdundo mmoja. Ndiyo maana sauti inashuka. Ukisimama mbali zaidi na jiwe linapopiga inanoga zaidi.

Mwambie pia samaki wako hai humo chini. Maji mazito kuliko yote ni ya nyuzi 4, hayo yanazama, na barafu inaelea juu yake kama paa. Ingekuwa barafu inazama, kidimbwi chako kingeganda kutoka chini na hadithi ya samaki ingeishia hapo.

Nyota_za_Babu · Februari 19

Faida moja ya miezi hii haijatajwa: giza linaingia mapema. Juni ukitaka kumwonyesha mtoto nyota inabidi akeshe. Februari, saa moja na nusu usiku, anga liko tayari na mtoto hajapiga mswaki.

Jana nilitoka na binti yangu dakika 10 tu, pajama ndani ya koti. Tulianzia nyota tatu zilizojipanga mstari, mkanda wa Jabari, ambalo kwenye vitabu vya nyota ni Orion. Juu ya mkanda, kushoto, kuna Betelgeuse yenye wekundu. Akauliza kwa nini nyekundu. Nikamwambia ina baridi kuliko zile nyeupe. "Baba, nyota ina baridi?" Nikabaki naeleza hilo mpaka masikio yakaganda. Kisha fuata mkanda kwenda kulia na juu, pita nyota moja ya rangi ya chungwa, endelea kidogo, utaona kakundi kadogo kama vumbi linalong'aa. Hicho ni Kilimia, kilekile cha methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huku niliko nadhani kinazama kwa matope.

Binti alihesabu nyota sita. Mimi niliona moja yenye ukungu, miwani yangu imezeeka. Kwa darubini ndogo ya kutazamia ndege zinakuwa makumi. Kitazameni kila wiki saa ileile: kinateremka magharibi, mpaka kufika Mei kimemezwa na mwanga wa jua, na Juni kinarudi alfajiri.

Soksi_Tatu · Februari 22

Fupi leo, Kitinda ana kikohozi, nimekwenda na wakubwa tu. Ua la kwanza! Jeupe, limeinamisha kichwa, limetoboa theluji kabisa. Wa Kati amelala chini kifudifudi kulitazama kwa ndani na ndani kuna alama ya kijani. Nimetafuta jina la kitaalamu, ni Galanthus, Kigiriki, maana yake ua la maziwa.

Hatukulichuma. Tulijadiliana sana lakini hatukulichuma.

Soksi_Tatu · Machi 1

Wakuu, leo nilitamani kufuta uzi.

Theluji imeyeyuka yote wiki hii. Chini udongo bado umeganda, kwa hiyo maji hayana pa kwenda, yamekaa juu. Njia ya kilimani imekuwa unga uliokandwa. Wote tumevaa gambuti, tuko vizuri, tunaimba. Wa Kati akaona mahali pasipo na nyayo za mtu, akasema "mimi nitakuwa wa kwanza". Hatua ya kwanza sawa. Ya pili gambuti likazama nusu. Ya tatu mguu ukatoka, gambuti likabaki.

Sasa mpigie picha: amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, soksi ya njano inaning'inia hewani, anapiga kelele "nisaidieni lakini msinishike". Nikamfuata. Gambuti langu la kulia likabaki. Baba yao akaja na busara zake, akasema atasimama kwenye jiwe. Halikuwa jiwe.

Tumelichimbua gambuti la mtoto kwa fimbo na chupa ya chai. Lilipotoka lilitoa sauti ambayo watoto wanaiiga mpaka sasa hivi, saa tatu usiku, kila mmoja kwenye kitanda chake. Nimewabeba wawili. Gari linanuka kinamasi. Nguo ziko kwenye beseni la bafuni na maji tayari yamekuwa rangi ya kahawia mara nne.

Halafu nauliza wakati wa kulala nani alifurahia leo. Wote watatu, mikono juu. Mimi sikunyoosha.

Kunguru_Mweupe · Machi 1

Halikuwa jiwe 😂😂😂 Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Mzee_Koti · Machi 2

Mwanangu, matope usiyafue mabichi. Yaache yakauke, yakung'ute nje, ndipo ufue. Gambuti lijaze magazeti yaliyokunjwa, ubadilishe baada ya saa chache. Usiliweke juu ya hita, mpira unapasuka. Na siku nyingine mguu ukinasa, usivute juu. Inua kisigino kwanza hewa iingie chini, ndipo utoke. Kinachokushika ni utupu ulio chini ya soli.

Baba_Mapacha · Machi 8

Wakuu, nakiri. Wiki ya tatu sasa naenda mahali pamoja, bustani ya umma dakika tano kutoka mlangoni. Wiki ya kwanza walisema "tushaenda". Leo mmoja kanishika mkono kabla hatujafika, ananikimbiza akaone kama "ile tawi yetu" imefungua. Walichagua tawi moja lenye macho ya majani, wamelifunga uzi mwekundu wasilipoteze. Halijafungua. Wamenuna kidogo, wakakubaliana Jumamosi ijayo.

Tumekata pia kijitawi cha mti huohuo tukakiweka kwenye glasi ya maji dirishani. Hicho cha ndani kimeshaanza kupasuka. Sasa wanamwonea huruma yule wa nje.

Soksi_Tatu · Machi 8

Radhi siombi tena basi, nimeshinda 😄

Sisi tumekuta kidimbwi kimejaa mayai ya chura. Wiki jana hakikuwa na kitu. Ni madonge ya ute kama vidonge vya kioo, kila kidonge na nukta nyeusi katikati. Mkubwa amesoma kwamba donge moja la yule chura wa kawaida wa Ulaya linaweza kuwa na mayai zaidi ya elfu moja. Wa Kati akauliza mama yao anawaitaje majina.

Swali: wanataka kupeleka machache nyumbani kwenye beseni wayaone yakiwa viluwiluwi. Mnasemaje?

Mvuvi_wa_Baridi · Machi 8

Angalia sheria za ulipo kwanza, kuna nchi inakatazwa hata yai moja. Hata pale inaporuhusiwa mimi nasema hapana. Shida kubwa si kuyachukua, ni kuyarudisha. Watoto wanachoka, mzazi anayamwaga kwenye dimbwi lolote lililo karibu, na maji yale yanabeba maradhi ya vyura kutoka dimbwi moja hadi jingine. Kuna kuvu wa ngozi ambaye ameshaua vyura wengi sana duniani. Kwa kuwa mnakwenda kila Jumamosi, muacheni mama yao ayalee. Miguu ya nyuma itatoka kwanza, mtaiona.

Kusi_Kusini · Machi 11

Niwasabahi tu kutoka nusu ya kusini ya dunia. Sisi huku majani ndiyo yanaanza kuanguka. Nauhifadhi uzi, nitaufufua Agosti, watu wasishangae.

Soksi_Tatu · Machi 22

Wiki jana mvua, tulikwenda, hakuna cha kusimulia.

Juzi tarehe 20 jua limevuka ikweta, na hapa nyumbani ilikuwa sikukuu, kwa sababu ya vibandiko. Sijawasimulia. Tangu katikati ya Februari wa Kati anasimama kila Jumamosi jioni kwenye kigae kilekile cha jikoni, anafumba jicho moja, na pale jua linapogusa mapaa anabandika kibandiko kwenye kioo cha dirisha. Vibandiko vinne na mawingu mawili ya kuchora, maana Jumamosi mbili jua halikuonekana. Cha kwanza kiko kushoto kabisa karibu na fremu. Cha leo kimevuka katikati ya kioo. Anaamini jua linahama nyumba.

Nimechukua chungwa na tochi kujaribu kumweleza dunia ilivyoinama nyuzi 23.4. Nimejichanganya mwenyewe. Lakini hiki nimekishika: siku hizi za katikati ya Machi ndizo ambazo mchana unarefuka kwa kasi kuliko wakati wowote wa mwaka. Kwenye latitudo ya nyuzi 50 hivi ni karibu dakika 4 kila siku, yaani karibu nusu saa kwa wiki. Kumbe haikuwa hisia yangu tu. Mtu aliye kwenye ikweta akisoma hapa atashangaa tunashangaa nini.

Baba_Mapacha · Machi 22

TAWI LIMEFUNGUA. Naleta habari hii nikiwa bado nje.

Upepo_wa_Asubuhi · Machi 30

Usiku wa kuamkia leo saa zote zimesogezwa mbele kwa saa moja, desturi ya huku kila majira ya joto yakikaribia. Aliyebuni jambo hili hakuwa na kichanga. Huku Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi, Marekani nasikia walishateseka tangu Jumapili ya pili. Mtoto ameamka saa yake, saa imekataa.

Soksi_Tatu · Machi 30

Na hawa wangu saa mbili usiku wamekaa kitandani wananionyesha dirisha: "Mama, bado mchana." Nyota za Babu, ulisema kweli, msimu wetu umefungwa.

Dada_Nesi · Aprili 5

Nawakatiza kidogo. Joto likishafika nyuzi 7 hivi, kupe wanaamka. Hawaruki wala hawadondoki kutoka mitini. Wanakaa kwenye ncha ya jani au nyasi, wamenyoosha miguu ya mbele, wanasubiri upite. Mkirudi kutoka kwenye majani, wavueni watoto na kuwakagua: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kitovu, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Mdogo kabisa ni mdogo hata kuliko punje ya ufuta.

Ukimkuta, kibanio chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta wima polepole. Usimpake mafuta, usimchome kwa kiberiti. Andika tarehe. Katika siku 3 hadi 30 ukiona wekundu unaotanuka kuzunguka pale alipouma, au mtoto akipata homa, mpeleke hospitali na uwaambie tarehe. Ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe, ukiwahiwa unatibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria.

Sisemi msiende. Sisemi hivyo kabisa. Soksi zivutwe juu ya suruali, basi.

Soksi_Tatu · Aprili 5

Tumekagua. Hakuna kupe, ila nimekuta kwa Kitinda mawe saba ndani ya nguo. Saba. Moja lilikuwa kwenye soksi tangu asubuhi na hakulalamika.

Soksi_Tatu · Aprili 12

Viluwiluwi wapo kwa maelfu, ukingo wa kidimbwi mweusi. Lakini habari ya leo ni juu, si chini. Mkubwa alisimama ghafla, akasema "yule si popo". Ndege mdogo, mkia wenye panda, anakata hewa juu ya maji kama mkasi. Mbayuwayu! Mmoja tu. Tulikaa kwenye gogo tukimtazama mpaka Kitinda akalala mapajani. Gramu 20 hivi za ndege, na ametoka Afrika, kusini mwa Sahara, kwa mabawa yake. Sikuweza kuwaeleza watoto kwa nini macho yamenilenga. Baba yao alinipa kitambaa, kilikuwa na tope.

Kunguru_Mweupe · Aprili 12

Kwa mara ya kwanza niseme cha maana. Watu wa Ulaya kwa karne nyingi hawakujua ndege hawa wanakwenda wapi wakati wa baridi. Kulikuwa na wasomi kabisa walioamini mbayuwayu wanalala chini ya maji, kwenye tope la madimbwi. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz, Ujerumani, akapatikana korongo mweupe mwenye mkuki shingoni. Mkuki wenyewe umepenya na ndege bado aliruka nao. Ulipochunguzwa, ulikuwa wa Afrika ya kati. Mwindaji alimkosa kidogo tu, na ndege akabeba ushahidi hadi Ulaya. Alikaushwa na yupo mpaka leo Chuo Kikuu cha Rostock, na mkuki wake.

Yaani sisi wa kule tulituma barua, ila tuliifunga vibaya.

Soksi_Tatu · Aprili 13

Nimewasomea watoto. Wa Kati anauliza kama korongo aliumia. Mkubwa anauliza kama mwindaji alipata mkuki mwingine. Kitinda anataka mkuki.

Soksi_Tatu · Aprili 26

Jua. Nyuzi 19. Kuvaa dakika 4, viatu tu.

Tulipofika mwanzo wa njia hapakuwa na pa kuegesha gari. Mbwa, baiskeli, vigari vya watoto, watu wametandaza mashuka pale pale ambapo Machi gambuti lilizama. Kwenye gogo letu wamekaa watu wanne. Mtu mmoja aliwaonyesha watoto wake kidimbwi akasema "tazameni, samaki". Mkubwa alifungua mdomo, nikamminya mkono. Walikuwa viluwiluwi, na tayari wana miguu ya nyuma.

Tumetembea kimya kidogo. Wa Kati, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akawaangalia wote kuanzia kilimani mpaka chini, akaniuliza kwa sauti ambayo nina hakika walisikia:

"Mama, hawa walikuwa wapi?"

Kunguru_Mweupe · Aprili 26

Ndani. Wanasoma uzi huu.

Baba_Mapacha · Aprili 27

Sisi wamedai tuhamishie safari saa moja asubuhi "kabla watu hawajaamka". Mapacha wa miaka mitano. Jumapili. Nimekubali, sijui kwa nini nimekubali.